Kifaru bila shule ni kaburi la chuma

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa,

Kila mara vita inapokaribia mji, tunatumiana video zilezile kwenye simu. Kifaru kinapanda barabara, watu wanapiga makofi, motari wanapiga honi, mama wa soko anarusha kitenge hewani. Siku chache nyuma yake, picha zinageuka: uniforme zimetupwa kwenye mtaro, silaha ziko chini, wakubwa wameshapanda mtumbwi au ndege. Tunalia, tunalaani, tunatafuta msaliti. Halafu serkali inatangaza kwamba itanunua silaha zingine.

Sisi tunauliza maswali ambayo hayaulizwi. Ndani ya kile kifaru kulikuwa na nani? Alisoma wapi kazi ile? Kabla ya siku ya vita, alipiga makombora mangapi ya mazoezi? Nani anatengeneza injini ikikufa njiani? Na solde yake ya mwezi uliopita ilifika mukononi mwake, ao ilisimama kwa mfuko wa mutu mwingine?

Tunasema wazi: inchi yetu inapenda kununua vyuma, lakini haipendi kujenga watu. Na mwenye kulipa deni hiyo si waziri. Ni kijana wa miaka 22 aliyefungiwa ndani ya chuma, na ni sisi raia tunaobaki nyuma yake.

Kifaru ni kazi ya kusomea

Watu wengi wanazani kifaru ni gari kubwa lenye mzinga. Hapana. Jeshi letu limetumia zaidi aina mbili za zamani za Urusi: T-55 na T-72. T-55 inabeba watu wanne: kamanda, dereva, mwenye kupiga mzinga, na mwenye kuingiza kombora. Kombora moja la milimeta 100 linaweza kufikia karibu kilo 30, na huyu kijana analiinua ndani ya nafasi ndogo sawa kabati, gari likiruka-ruka kwenye mawe. T-72 inabeba watu watatu, juu mashine inaingiza makombora pahali pa mutu. Lakini mashine ile inabeba makombora 22 chini ya miguu yao. Kifaru kikipigwa vibaya, makombora yale yanalipuka kwa mara moja na kichwa cha kifaru kinaruka hewani pamoja na watu wake. Vita ya Ukraine imeonyesha dunia nzima jambo hilo.

Kifuniko kikifungwa, dereva anaona njia kupitia vioo vidogo tu. Hajui nani yuko kando, hajui kama nyuma kuna mtoto ao ukuta. Anategemea sauti ya kamanda kwenye redio. Kama hawajazoeana, kama wamekutana asubuhi ya vita, hakuna timu pale. Kuna watu watatu ao wanne wenye kuogopa kila mutu peke yake.

Na kifaru hakiendi peke yake. Katika migomba ya Rutshuru, ao juu ya mawe ya volkano kaskazini mwa Goma, adui mwenye roketi ya begani anaweza kukaa meta 50 bila kuonekana. Ni askari wa miguu wanaotembea kando njo wanamfukuza. Hao wa miguu na wale wa ndani wanapaswa kuwa wamefanya mazoezi pamoja mara nyingi, mchana na usiku, kwenye mvua na kwenye vumbi.

Kisha kuna mazutu. T-72 yenye uzito wa zaidi ya tani 40 inakunywa zaidi ya litre 200 kwa kilometa 100. Motari wetu anajua litre moja inampeleka wapi. Afanye hesabu yeye mwenyewe. Kuna madaraja yetu ambayo hata kamioni ya makala inayavuka kwa maombi. Kuna mnyororo unaotoka, filtre zinazojaa vumbi, betri zinazokufa. Kila kimoja cha vitu hivi kinataka mutu aliyesoma, na mutu yule anataka miaka.

Ndiyo maana inchi zenye jeshi la kweli haziachi mambo haya kwa bahati. Ufaransa inafundisha watu wake wa vifaru kule Saumur, mji uliofundisha askari wa farasi tangu zamani. Marekani ilihamisha shule yake ya vifaru kutoka Fort Knox kwenda Fort Benning mwaka 2011, na haikuifunga hata siku moja eti pesa hakuna. Kule sajenti anarudi darasani kabla ya kupewa kifaru chake. Kapiteni anarudi darasani kabla ya kupewa kampuni. Timu nzima inapiga shabaha mbele ya wakaguzi, na ikishindwa inarudia. Cheo kinafuata masomo. Kwetu, masomo yanangojea cheo, na wakati mwingine hayafiki kabisa.

Ugonjwa huu ulianzia wapi

Tusidanganyane kwamba shida hii ilizaliwa jana. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Siku hiyo Force Publique ilikuwa na maelfu ya askari Wakongomani, na haikuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Hata mmoja. Siku tano nyuma yake, jenerali Janssens, Mbeljiji aliyeongoza jeshi lile, aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni kitu kimoja. Jeshi likaasi Léopoldville na Thysville. Serkali ya Lumumba, ikitafuta kuzima moto, ikapandisha kila askari cheo kimoja, na kisha masajenti wakawa makolonel na majenerali. Mmoja wao, aliyekuwa sajenti kisha mwandishi wa habari, aliitwa Joseph-Désiré Mobutu.

Hatumlaumu Lumumba juu ya jambo hilo. Mkoloni njo alifunga mlango wa shule kwa miaka 75, halafu akashangaa nyumba haina fundi. Lakini tangu siku ile tulibaki na desturi mbaya: cheo ni zawadi ya kutuliza watu, si matunda ya kujifunza.

Ona kejeli ya historia. Thysville ile njo Mbanza-Ngungu ya leo, na pale njo Mobutu aliweka brigade yake ya vifaru. Mji ambamo askari waliasi juu walinyimwa kukua kikazi, ukawa mji wa vifaru. Na je, Mobutu alijenga jeshi? Alilisha Division yake ya rais, DSP, akaacha wengine na njaa. Wenye njaa walipora Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 1991, na tena mwezi wa 1 mwaka 1993. Tarehe 17 Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa, na vifaru havikumuokoa mwenye kuvinunua.

Nyuma yake zikaja mikataba. Kila vita ilizaa majenerali wake. Mutu alitoka porini na watu wake, akakaa mezani, akaamka kolonel. Kijana aliyemaliza masomo ya kijeshi Kananga anamupigia saluti mutu ambaye hajawahi kusoma ramani. Kisha tunauliza juu ya nini amri haifuatwi!

Goma mara mbili, na katikati Kibati

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia Goma. Jeshi lilikimbilia Minova, na yale ambayo askari wetu wenyewe walifanyia akina mama wa Minova ni aibu ambayo haitafutika. Shule ya mwanajeshi haiko kupiga mzinga tu. Ni kujua pia kwamba raia si adui, hata siku ya kushindwa.

Mwaka uliofuata, 2013, tuliona kitu kingine. Jeshi lilelile, Wakongomani walewale, wakiwa na makamanda wanaokaa mbele kama kolonel Mamadou Ndala, wakiwa na msaada wa brigade ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, walipanda Kibati. Vifaru vilipanda pia. Watu wa Goma waliwapelekea maji na chakula. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 ilitangaza mwisho wa vita yake.

Kwa hiyo mutu asituambie eti Mkongomani hajui kupigana. Anajua, akiongozwa, akilishwa, akifundishwa. Swali letu ni hili: nyuma ya ushindi ule, nani alikaa chini akaandika somo la Kibati, ili kijana wa 2025 alikute darasani? Mamadou aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Elimu yake alikufa nayo, sawa elimu ya wengine wengi. Jeshi lisilo na shule linasahau kila kitu kila miaka 10.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma tena. Mamia ya askari walijificha kwenye kambi ya MONUSCO, na Msalaba Mwekundu njo iliwasindikiza miezi mitatu nyuma kuelekea Kinshasa. Na siku zile tuliona pia Warumania zaidi ya 280, askari wa kukodiwa, wakivuka mpaka kuingia Rwanda wakiwa na mabegi yao. Mikataba yao iliyoonwa na waandishi wa habari ilitaja dola kama 5,000 kwa mwezi. Askari wetu wa kawaida alikuwa akipata karibu dola 100, siku inapofika. Baadaye serkali ilitangaza kuongeza solde mara mbili. Ni vizuri. Lakini tuhesabu: pesa ya Mrumania mmoja ingelipa askari wetu wangapi darasani kwa mwaka mzima? Mgeni akiondoka, anaondoka na ujuzi wake. Ukifundisha mtoto wa inchi, ujuzi unabaki.

Toyota dhidi ya vifaru

Wenye kuzani chuma peke yake inatosha, wasome vita ya Tchad. Mwaka 1987 Libya ya Gaddafi ilikuwa na vifaru T-55 kwa mamia, ndege, radari, pesa ya petroli. Watchad walikuwa na Toyota na makombora ya Milan. Walizunguka mbio jangwani, wakapiga Fada mwezi wa 1, wakapiga Ouadi Doum mwezi wa 3. Walibya waliacha vifaru vingi mchangani. Dunia iliiita vita ya Toyota. Mwenye kujua kazi yake kwenye Toyota alishinda asiyejua kazi yake ndani ya kifaru.

Na kifaru kisichotunzwa kinaua hata bila adui. Tarehe 4 Machi 2012, ng'ambo ya mto, kwenye kambi ya vifaru ya Mpila, Brazzaville, ghala la makombora lililipuka katikati ya mitaa ya watu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kinshasa ilisikia mlipuko. Kutunza makombora, kujua yakae mbali gani na nyumba za watu, yote ni masomo. Sisi wa Goma tunajua pia maana ya kuweka mizinga karibu na kambi za wakimbizi: mwaka 2024, watu waliokimbia vita walifuatwa na mabomu mpaka chini ya shiting zao.

Vifungu viwili

Katiba yetu iko na kifungu 189. Kinasema kwamba watu wa jeshi, katika ngazi zote, na kazi zote za uongozi, lazima zifuate vipimo vya wazi: nguvu ya mwili, elimu ya kutosha, tabia njema, na uwakilishi wa haki wa majimbo. Elimu ya kutosha! Imeandikwa. Kuna pia sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi.

Lakini kambini kunatawala kifungu kingine, kile ambacho hakiko kwenye katiba lakini kila Mkongomani anakijua: kifungu 15, jitafutie. Dereva wa kifaru anajitafutia mazutu. Fundi anajitafutia mapiesi. Mke wa askari anajitafutia chakula kwa kuuza makala kando ya kambi. Na mkubwa naye anajitafutia: solde inashuka, sehemu inapanda tena. Watu wanaiita opération retour.

Kati ya 189 na 15, njo Kongo inapotea.

Wenye kutupinga

Kuna wanaosema: "Ninyi ni watu wa amani, mambo ya vifaru yanawahusu nini?" Inatuhusu. Hatushike silaha na hatutashika. Lakini kifungu 63 kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu wa kulinda inchi. Wajibu wetu ni kuuliza pesa ya ulinzi inafanya kazi gani. Mwezi wa 11 mwaka 2022, rais alipoita vijana, maelfu walijiandikisha Goma. Walikuwa wenzetu, tuliokaa nao kwenye benchi moja la chuo. Kuomba wafundishwe kabla ya kupelekwa mbele si kupenda vita. Ni kukataa wafe bure.

Wengine wanasema: "Jeshi likijua kazi sana, litapindua serkali." Woga huo njo ulimuongoza Mobutu, na tumeona mwisho wake. Mwanajeshi wa hatari ni yule asiye na shule, asiye na solde, asiye na kesho. Yule hana cha kupoteza.

Wengine tena: "Siku hizi ni droni, vifaru vimepitwa." Labda. Lakini droni nayo inataka mutu wa kuiongoza, fundi wa kuitengeneza, kamanda wa kujua ni wapi raia wapo. Ukibadilisha chuma bila kubadilisha desturi, utapoteza droni sawa ulivyopoteza vifaru.

Tunaomba nini

Kwa rais wa Jamhuri, mkuu wa majeshi yote. Kwa waziri wa ulinzi. Kwa wabunge wa kamati ya ulinzi:

1. Shule ya vifaru yenye programu ya kudumu, mtihani na cheti. Asiyefaulu asiingie kwenye kifaru. Asiyerudi darasani asipandishwe cheo, hata kama ni mtoto wa nani.

2. Mazutu na makombora ya mazoezi yawe na mstari wake kwenye bajeti, tofauti na pesa ya operesheni. Jeshi lisijifunze mbele ya adui.

3. Timu ya kifaru ikae pamoja, pamoja na askari wa miguu wanaoisindikiza. Kuwachanganya kila mwezi ni kuwaua.

4. Mafundi. Tuko wengi mitaani wenye diploma za mekanike, elektroniki na umeme. Tunauza yunite, tunaendesha moto, tunangojea simu ambayo hailii. Mufungue mtihani wa wazi, bila barua ya mjomba, wenye kutaka kazi ya atelye waingie na wapande cheo kwa ufundi wao.

5. Solde kwa jina na kwa banki, mbali na mikono ya makamanda. Miaka ile ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri, na ilionekana kwamba inawezekana. Kuwe na nyongeza kwa kazi ngumu ya vifaru, na wajane walipwe bila kuzunguka maofisi miaka mitano.

6. Masomo juu ya haki ya raia katika vita yapewe uzito sawa na masomo ya kupiga mzinga. Kuyavunja kupeleke mutu mahakamani, cheo chake kiwe chochote.

7. Kila mwaka bunge lielezwe, hata nyuma ya milango iliyofungwa kama siri inalazimu: timu ngapi zimefundishwa, vifaru vingapi vinatembea, ni pesa ngapi imetoka na imefika wapi.

Na kwenu vijana wenzetu: tusiishie kupiga makofi kifaru kikipita na kulia kikianguka. Muulize mbunge wako kura yake ya bajeti ya ulinzi. Muulize mbele ya watu, kwa adabu, kila mara anaporudi kuomba kura. Askari akipita, usimuite mwoga kabla ya kujua nani alimtuma bila mafunzo na bila mazutu.

Mwaka 1960 askari wa Thysville waliuliza lini na wao watakuwa maofisa wa inchi yao. Walijibiwa kwa chaki ubaoni. Sisi hatutaki chaki tena, wala galoni za kututuliza. Tunataka darasa, mwalimu, mtihani, na jina la aliyefaulu libandikwe mlangoni.

Inchi ni yetu. Jeshi ni letu. Tutaendelea kuuliza.